Keki Nyepesi ya Siku ya Kuzaliwa, na Mgeni Asiyekula Mayai

Swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wenzangu huku ugenini ni hili: "Keki yangu mbona inatoka nzito kama tofali?" Leo nitalijibu. Lakini kabla hatujavunja yai hata moja, kuna swali jingine linalotangulia, nalo wengi hatulikumbuki mpaka wageni wameshaingia mlangoni. Swali lenyewe ni hili: kati ya watoto uliowaalika, nani hali nini?

Kwetu swali hilo halikuwa na nafasi. Watoto wa mtaa walikuja, keki ikakatwa, soda zikafunguliwa, kila mtu akala. Huku mtoto wako anasoma na watoto wa kila kabila na kila dini. Katika shule za serikali za Uingereza, darasa la watoto wa miaka mitano hadi saba linaweza kuwa na watoto 30, na mara nyingi mzazi hualika darasa zima ili asiache mtoto wa mtu. Humo utamkuta mwenye mzio wa mayai, au aleji kama wengi tunavyosema. Utamkuta asiyekunywa maziwa na asiyeweza kula ngano. Utamkuta mtoto wa familia ya Kihindi isiyokula mayai kabisa kwa sababu ya imani yao. Pengine utamkuta pia mtoto wa Kiislamu ambaye mama yake husoma kila pakiti ya peremende kuangalia kama ina jelatini ya nguruwe.

Sisi tumelelewa kwamba mgeni hakatai chakula. Akisema ameshiba, tunamwambia, "Onja tu, kidogo tu, usiniaibishe." Huo ni upendo, na sitaki tuupoteze. Lakini kwa mtoto mwenye mzio, hilo neno "onja tu" ni la hatari. Mwili wake huiona protini ya yai au ya maziwa kama adui, nao hupigana nayo kwa nguvu zote, hata kama kilichoingia kinywani ni punje ndogo. Si deko, na si mambo ya Kizungu. Nasema hivi kwa sababu bibi na babu wanapokuja kututembelea ndio hao hao humpenyezea mtoto kipande wakisema, "Watoto wa huku mmewazoesha vibaya." Wanamwonea huruma mtoto aliyekaa bila kula, nao huruma wanayo ya kweli. Basi waelezeni mapema, kwa heshima, kabla ya siku ya shughuli.

Njia rahisi ni kutuma ujumbe kwa kila mzazi, wiki moja kabla. Mimi huandika hivi: "Habari, mama. Tunafurahi mtoto wako atakuja Jumamosi. Je, kuna chakula asichokula, iwe kwa mzio, ugonjwa au dini? Ikitokea amekila kwa bahati mbaya, huwa inakuwaje? Na kuna dawa anayotembea nayo?" Maswali matatu tu. Hakuna mzazi atakayekasirika. Mama wa mtoto mwenye mzio, amezoea kuambiwa, "Basi mletee chakula chake," na ujumbe kama huo humwambia kwamba mtoto wake amealikwa kwa moyo.

Sasa tuingie jikoni.

Keki ya mayai: wepesi wake ni hewa

Keki nyepesi ya asili ina vitu vitatu tu: mayai, sukari na unga wa ngano. Haina siagi, haina maziwa, wala haihitaji beking pauda. Kinachoipandisha ni hewa uliyoipiga ndani ya mayai. Unapoyapiga, protini za yai hujinyoosha na kushikana kuzunguka vipovu vya hewa, na sukari hulifanya povu hilo liwe zito na lisivunjike upesi. Likiingia kwenye joto, hewa hutanuka, maji hugeuka mvuke, na rojo hupanda. Kisha yai na unga huiva na kukaza, keki ikabaki ilipofika. Ukilielewa hilo, umeshaelewa kwa nini keki huwa nzito: ama hewa haikuingia ya kutosha, ama iliingia nawe ukaitoa mwenyewe wakati wa kuchanganya unga.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: kila yai moja, gramu 30 za sukari na gramu 30 za unga. Kwa shughuli ya watoto mimi hupendelea trei moja pana kuliko keki ndefu ya ghorofa, kwa sababu rojo lililotandazwa huiva sawasawa na vipande hutoka vya mraba, sawa kwa sawa, bila ugomvi. Trei ya sentimita 23 kwa 33 inahitaji:

Mayai 6
Sukari laini gramu 180
Unga wa ngano wa kawaida gramu 180
Chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili
Iliki ya unga nusu kijiko cha chai

Asiye na mizani atumie kikombe cha kupimia cha Marekani: unga kikombe kimoja na nusu, uliotiwa kwa kijiko bila kushindiliwa, na sukari kikombe kimoja pungufu ya kijiko kimoja na nusu cha mezani. Kuhusu mayai, yai la kati la Uingereza linakaribiana na yai kubwa la Marekani, na hilo ndilo ninalotumia hapa. Kuhusu unga, Uingereza pakiti iandikwe "plain". Ile ya "self-raising" imeshatiwa beking pauda na keki yetu haiihitaji.

Iliki nimeiweka kwa makusudi. Arki ya vanila mara nyingi hutengenezwa kwa kilevi, na familia nyingi za Kiislamu huiepuka. Iliki haina mjadala, na inanukia kama nyumbani.

Washa oveni kwanza, nyuzi 180 za Selsiasi, ambazo ni 350 za Farenhaiti au namba 4 ya oveni ya gesi. Ya feni iwe 160. Tandika karatasi ya kuokea chini ya trei. Pembeni usipake mafuta. Rojo linahitaji pa kushika linapopanda, na baadaye utapitisha kisu.

Mayai yakitoka kwenye friji yaweke, na maganda yake, katika maji ya uvuguvugu kwa dakika tano au kumi. Yai baridi halibebi hewa nyingi. Yavunje kwenye bakuli kubwa, kavu na safi, tia sukari na chumvi, kisha piga kwa mashine ya mkono kwa mwendo wa juu dakika nane hadi kumi. Usiangalie saa peke yake, angalia povu. Liwe limepauka kama maziwa ya malai na limeongezeka mara tatu. Inua mashine, acha rojo lidondoke: likichora utepe juu ya povu, na utepe huo ukakaa mpaka umehesabu kumi, limefika. Ukizama papo hapo, endelea kupiga.

Mwanafunzi uliye katika chumba cha kupanga bila mashine, usikate tamaa. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, bila bakuli kuyagusa maji, piga kwa mchapo wa mkono mpaka povu liwe vuguvugu, kisha liondoe na uendelee. Ni kazi ya robo saa au zaidi, na inafaa kuwa na rafiki wa kupokezana.

Unga uchekeche ukidondokea juu ya povu, kwa mafungu matatu. Usitumie mashine tena. Chukua mwiko mpana, uzamishe mpaka chini, uinue kuja juu, zungusha bakuli, rudia. Ukiona unga mkavu umeisha, acha. Hapa ndipo keki nyingi hufa: mtu hukoroga kana kwamba anasonga ugali, vipovu vyote hupasuka, na unga hukaza kama mpira. Mwaga kwenye trei mara moja na uoke dakika 18 hadi 22. Dakika 15 za mwanzo mlango usifunguliwe. Keki ikiiva hujitenga kidogo na kingo, na ukiibonyeza kwa kidole hurudi juu.

Iache dakika tano, pitisha kisu pembeni, igeuze juu ya wavu. Kwa kuwa haina mafuta, hukauka upesi, basi ioke siku ile ile ya shughuli. Chemsha gramu 50 za sukari na mililita 100 za maji, ongeza tone la maji ya waridi ukipenda, na ipakae juu kwa brashi ikingali na joto. Ikipoa, paka jamu. Ukiweka krimu, kumbuka umeongeza maziwa ambayo hayakuwemo, na mtoto wa mzio wa maziwa ameshatoka. Jamu inatosha. Kata mistari minne kwa sita, utapata vipande 24.

Keki isiyo na yai

Kuna kisa cha kweli ninachokipenda. Mwaka 1837, katika mji wa Birmingham, mkemia aitwaye Alfred Bird alitengeneza unga wa kastadi usio na mayai. Sababu ilikuwa mke wake: alipenda kastadi lakini mwili wake haukupokea mayai. Wala haukupokea hamira, hivyo mwaka 1843 mumewe akatengeneza beking pauda, apate mkate ulioumuka bila hamira. Kopo la beking pauda lililoko kwenye kabati lako leo linahusiana moja kwa moja na mtu mmoja ambaye tumbo lake halikuruhusu, na mwenzake ambaye hakumwambia "onja tu".

Keki hii ya pili hufuata njia hiyo ya kemia. Haina yai la kubeba hewa, basi hewa yake hutoka kwenye beking soda inapokutana na siki. Wamarekani waliipika sana enzi za shida, mayai na siagi vilipokuwa adimu. Inamfaa mwenye mzio wa mayai, mwenye mzio wa maziwa, na mtoto asiyekula mayai kwa imani.

Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, yaani gramu 190
Sukari kikombe kimoja, gramu 200
Kakao vijiko 3 vya mezani
Beking soda kijiko 1 cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mafuta ya kupikia mililita 80
Siki nyeupe kijiko 1 cha mezani
Maji mililita 240

Chekecha vitu vikavu pamoja. Changanya mafuta, siki na maji, vimimine, koroga kwa haraka mpaka unga mkavu usionekane. Usisubiri, maana gesi inaanza kutoka dakika ile ile. Gawa kwenye vikombe 12 vya karatasi na uoke kwa joto lile lile, dakika 18 hadi 20.

Vikombe vya karatasi si urembo tu. Kipande cha kila mtoto kimo ndani ya karatasi yake, hakikatwi kwa kisu kilichopita kwenye keki ya mayai. Na umbo lake ni tofauti na vile vya mraba, kwa hiyo hata shangazi aliyechelewa kufika hawezi kuvikosea. Juu yake paka jamu ile ile, lakini kutoka chupa nyingine na kwa kijiko kingine. Na mtoto wako mwenye shughuli naye apewe kikombe kimoja mezani. Mgeni wake asile peke yake kitu cha pembeni.

Asiyekula ngano

Kwa mtoto huyu keki zote mbili hazifai, na jibu tunalo katika jiko la pwani: mkate wa kumimina. Mchele ulioloweshwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki, ukaumuka na kuokwa, hauna ngano wala maziwa. Wengi huongeza ute wa yai; kwa shughuli hii uache. Utumie blenda, bakuli na chombo kilichosafishwa vizuri, kwa sababu vumbi la unga wa ngano hutosha kumdhuru mwenye ugonjwa wa siliaki. Muulize mama yake kuhusu nazi pia. Kama hana uhakika na jiko lako, akileta chakula chake mwenyewe usinung'unike. Kipange kwenye sahani nzuri kama ya wengine.

Mpango wa siku

Asubuhi, kabla yai lolote halijatoka kwenye friji, futa meza, osha vyombo, oka vikombe visivyo na yai, vifunike, viweke kwenye rafu ya juu. Ndipo uanze keki ya mayai. Karanga zisitumike kabisa kwenye shughuli yenye watoto usiowajua. Na hata bila mzio, karanga nzima na zabibu mbichi nzima zinaweza kumpalia mtoto aliye chini ya miaka mitano. Zabibu zipasue kwa urefu, mara mbili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali.

Pakiti zihifadhi mpaka watu waondoke, ili mzazi akiuliza mna nini usome badala ya kukumbuka. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, sheria hutaja vyakula 14 vya mzio ambavyo lazima vionyeshwe. Marekani ni 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, mwaka 2023. Peremende na mapambo ya keki ndiyo yenye mitego mingi, na humo ndimo jelatini hujificha.

Mmoja wenu, mama au baba, awe na kazi moja tu wakati wa kula: kuwaangalia watoto. Simu ya kupiga picha ashike mwingine. Watoto hubadilishana vipande, huramba vidole vya wenzao, na hakuna mtoto wa miaka minne anayekumbuka onyo mbele ya keki.

Mtoto akitokwa na mabaka ya kuwasha, midomo ikavimba au akatapika, mwite mzazi wake mara moja na usimwache peke yake hata dakika moja. Akianza kukohoa mfululizo, sauti ikabadilika, pumzi ikapiga mluzi, au akalegea na kupauka, hiyo ni dharura. Kama ana sindano yake ya adrenalini, achomwe papo hapo pajani. Usisubiri kuona kama itapoa yenyewe, wala usitegemee dawa ya kuwashwa peke yake. Piga simu ya dharura: Uingereza 999, Marekani 911, Oman 9999. Kama uko nchi nyingine, ijue namba yako leo, si siku hiyo. Mlaze na miguu iinuliwe. Akihema kwa shida, muache akae. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema amepata nafuu. Ikipita dakika tano bila nafuu na sindano ya pili ipo, achomwe.

Swali moja huja kila ninapolieleza hili: "Mbona mtoto fulani ana mzio wa mayai lakini hula keki bila shida?" Ni kweli, baadhi yao huvumilia yai lililookwa kwa muda mrefu, na wengi hukua mzio ukaisha. Lakini nani yuko katika kundi gani ni jambo la daktari wake na wazazi wake. Sherehe yetu si mahali pa kupimia.

Najua wapo watakaosema kazi hii ni nyingi, na duka la jirani linauza keki yenye picha ya katuni. Nunueni msipokuwa na nafasi, hasa nyie wa zamu za usiku; hakuna aibu. Ujumbe kwa wazazi tumeni hata hivyo, na pakiti isomeni hata hivyo. Lakini mkiweza, okeni. Unga, mayai na sukari ni vitu vya bei ndogo, na mtoto aliyemwona mama au baba akipiga mayai kwa ajili yake ana cha kusimulia shuleni Jumatatu.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji sasa ni sisi, katika nyumba za kupanga, mbali na mtaa tuliozaliwa. Basi tufungue mlango vizuri: mgeni aje, ale, acheze, na jioni arudi kwao salama, mdomo umejaa jamu.